Kuacha Mshahara na Kufundisha Udereva: Hesabu Kabla ya Barua

Katika wiki chache zilizopita safu hii imepokea swali la aina moja kutoka kwa wasomaji watatu wasiofahamiana. Je, inafaa mtu kuacha kazi ya mshahara na kuingia katika biashara ya kufundisha udereva? Wa kwanza ni karani wa bohari, wa pili ni mwalimu wa sekondari ya binafsi, na wa tatu ni dereva wa kampuni ambaye mkataba wake unaelekea ukingoni. Wote wana akiba ya wastani, wote wana leseni safi, na wote wameona gari lenye herufi L likipita mtaani kwao Dar es Salaam asubuhi na jioni na mwanafunzi ndani, wakapiga hesabu ya kichwani.

Hesabu hiyo ya kichwani huwa hivi. Kozi moja ni, tuseme, Sh. 240,000. Nikipata wanafunzi 20 kwa mwezi nina Sh. 4,800,000. Toa mafuta, toa matengenezo, hata kikibaki nusu tu, mshahara wangu wa karani umepigwa teke.

Kuzidisha kumefanyika sawasawa. Tatizo ni kwamba hesabu imeanza na wanafunzi, ilhali bidhaa inayouzwa katika biashara hii si mwanafunzi wala si kozi. Kinachouzwa ni saa moja ya gari na saa moja ya mwalimu kwa pamoja, na saa iliyopita bila mwanafunzi haiwezi kuwekwa bohari ikauzwa kesho. Kwa maana hiyo mwalimu wa udereva yuko karibu zaidi na mwenye nyumba ya wageni kuliko na mwenye duka. Chumba kilicholala tupu jana hakirudi.

Tuangalie wale wanafunzi 20. Kama kozi ni vipindi 15 vya saa moja, wanafunzi 20 wanadai vipindi 300 kwa mwezi. Kwa siku 25 za kazi hiyo ni vipindi 12 kila siku, gari moja, mwalimu mmoja. Hata kama angekuwapo binadamu wa kukaa saa 12 kiti cha kushoto akiwa na mguu juu ya breki ya pili, barabara za Dar es Salaam hazimruhusu. Kutoka Tabata kumfuata mwanafunzi Mbezi, kisha mwingine Kinondoni, ni safari ambayo foleni ya Barabara ya Morogoro au ya Mandela inaweza kuifanya iwe ndefu kuliko kipindi chenyewe, na muda huo hakuna anayeulipia.

Isitoshe, wanafunzi hawaji kwa mpangilio unaomfaa mwalimu. Mwenye kazi ya ofisini anataka saa 12 asubuhi, au jioni baada ya kazi, au Jumamosi. Saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, wakati barabara zina nafuu na mwanafunzi angejifunza vizuri zaidi, wateja ni wachache: vijana waliomaliza shule, akina mama walio nyumbani, na wafanyabiashara wanaojipangia muda wao. Kwa hiyo siku ina vilele viwili vyenye ushindani na bonde refu katikati. Atakayefanikiwa katika biashara hii ni yule anayejaza bonde hilo, kwa mfano kwa kutoa bei nafuu ya saa za mchana, na si yule anayegombania Jumamosi.

Sasa tufanye hesabu kwa kalamu. Bei zote zinazofuata ni za mfano tu, ili msomaji aone jinsi mashine inavyofanya kazi, na kila mmoja aweke bei za mji wake na mwezi wake. Mafuta hasa hayasubiri mtu, kwani EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Kipindi kimoja ni Sh. 240,000 gawa kwa 15, yaani Sh. 16,000. Gari la mwanafunzi hutumia mafuta mengi kuliko la mtu anayejua, kwani muda mwingi liko gia ya kwanza na ya pili, linazimika, linawashwa, linarudi nyuma, linasubiri. Tukiongeza na safari ya kumfuata mwanafunzi, tuseme lita 2 kwa kipindi kwa Sh. 3,000 kila lita, basi Sh. 6,000 zimekwenda. Klachi, breki, tairi na oili tuweke Sh. 1,500 kwa kipindi. Kinabaki Sh. 8,500. Hiyo ndiyo namba ya kukariri, na si ile 240,000.

Zipo gharama zinazokuja kila mwezi uwe na mwanafunzi au usiwe naye: bima, vibali, mahali pa kulaza gari na pa kufundishia hatua za mwanzo, simu, vibao vya matangazo. Tuziweke Sh. 250,000. Kisha ipo gharama ambayo wengi hawaiandiki popote, uchakavu wa gari. Kama gari limekamilika kwa Sh. milioni 14 na baada ya miaka 4 ya kufundishia utaliuza kwa milioni 6, basi kila mwezi limepoteza karibu Sh. 167,000, hata kama hakuna aliyekuja kukudai. Mwisho ni gharama ya fedha yako yenyewe. Mtaji wote ukiwa Sh. milioni 16, na kama ungeweza kuuweka mahali pa salama kwa 12% kwa mwaka, unajinyima Sh. 160,000 kila mwezi. Jumla ya gharama za kudumu ni Sh. 577,000.

Tuone matokeo. Kwa vipindi 3 kwa siku, siku 25, kinachobaki kwa mwalimu ni Sh. 60,500 tu. Kwa vipindi 4 ni Sh. 273,000. Kwa vipindi 6 ni Sh. 698,000. Kwa vipindi 8, ambayo ni kazi ya kuchosha kweli kweli, ni Sh. 1,123,000. Karani anayepokea Sh. 700,000 mkononi anatakiwa kufundisha vipindi 6 kila siku bila kukosa, siku 25 za mwezi, ili awe pale pale alipo leo. Na hapo hatujahesabu kwamba mwajiri wake anamchangia NSSF. Mchango ni 20% ya mshahara kwa jumla, na katika mpango wa kawaida nusu yake inatoka mfukoni mwa mwajiri. Siku unapojiajiri, nusu hiyo inakufa kimya kimya.

Tofauti kati ya vipindi 4 na 6 ni vipindi viwili tu kwa siku, lakini pato limepanda zaidi ya mara mbili na nusu. Hii ndiyo tabia ya kila biashara yenye gharama kubwa za kudumu, kama walivyojifunza kwa uchungu watu wengi walioingiza malipo yao ya kupunguzwa kazini katika magari ya abiria miaka ya 1990. Inapanda haraka ikijaa, na inazama haraka vile vile ikipungua.

Vipindi 6 kwa siku maana yake ni vipindi 150 kwa mwezi, yaani wanafunzi wapya 10. Si kumi mwezi wa kwanza tu, bali kumi kila mwezi. Mwenye saluni akimpendeza mteja, mteja anarudi baada ya wiki tatu. Mwalimu wa udereva akifundisha vizuri mteja anapata leseni na haonekani tena. Ni miongoni mwa biashara chache ambazo kila ukifaulu unapoteza mteja. Kilichobaki ni neno lake zuri kwa shemeji na jirani, na kwa sababu hiyo mwalimu mwenye hasira, anayepiga kelele mwanafunzi akizima gari kwenye mzunguko, anajikatia mwenyewe tawi alilokalia. Nimekaa katika viti vya nyuma vya magari haya mara kadhaa kwa ajili ya makala hii, na naweza kusema kwamba uvumilivu ni sehemu ya mtaji kama ilivyo klachi.

Wanafunzi nao wana misimu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na wa kidato cha sita hufanyika Mei, na baada ya hapo wapo vijana nyumbani ambao wazazi wao wako tayari kuwalipia. Januari ni kinyume chake, fedha zote za nyumbani zimekwenda kwenye ada za shule. Anayeanza biashara Januari kwa matumaini ya Desemba atakuwa ameuza saa zake za kwanza kwa bei ya kubembeleza.

Mshindani naye si lazima awe shule ya mtaa wa pili. Mshindani mkubwa ni mjomba mwenye gari, anayemfundisha mpwa wake kwenye uwanja wa mpira Jumapili asubuhi bila kudai senti. Pia kuna ada ya serikali ambayo mwanafunzi haipunguzi hata akinung'unika: tangu mabadiliko ya 2019 leseni imekuwa ya miaka 5 kwa Sh. 70,000, badala ya miaka 3 kwa Sh. 40,000. Anayejua kwamba fedha hiyo inamngoja mbele atabana pale panapobanika, nako ni kwenye ada ya kozi.

Tuje kwenye gari. Msomaji mmoja ameuliza kama asiagize Japani gari la bei poa. Gari la CIF Sh. milioni 5, la ujazo wa injini wa 1,300, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, kwa makadirio ya haraka linakwenda hivi: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa ujazo huo, ushuru wa bidhaa wa uchakavu 30% kwa sababu ya umri, kisha VAT ya 18% juu ya vyote. Jumla inafika karibu Sh. milioni 10, kabla ya tozo nyingine ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili. Ikumbukwe pia kwamba TRA ina thamani zake za magari yaliyotumika, na si lazima ikubali ile iliyoandikwa kwenye ankara yako. Lile lililo chini ya miaka 8 halitozwi ushuru wa uchakavu, lakini bei yake huko litokako iko juu. Apige hesabu zote mbili, kwani gari la kufundishia linahitaji mwili imara kuliko urembo.

Swali la gia ni la kibiashara pia. Magari madogo mengi yanayoingia nchini ni ya otomatiki, na mwenye kununua gari lake binafsi anataka kujifunza hilo hilo. Lakini kijana anayetafuta ajira ya udereva, anayetazamia siku moja kupanda daraja hadi C ya abiria au E ya malori, hana budi kujua klachi. Gari la gia za mkono linafundisha wote wawili ila linakula klachi. La otomatiki linapumzisha fundi ila linakufungia mlango wa watafuta ajira. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye gari moja tu aanze na la gia za mkono. Watafuta ajira ndio wenye nafasi saa za mchana, na mchana ndilo bonde tulilosema linahitaji kujazwa.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalioni ni ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyofutwa 2017. Haikupotea, ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta. Mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili alipata nafuu. Gari la kufundishia, linalochoma lita kumi na zaidi kila siku, linalipa kila linapopita kituoni.

Bima nayo isichukuliwe kimzaha. Bima ya gari la matumizi binafsi haikununuliwa kwa ajili ya mtu asiyejua kuendesha akiwa nyuma ya usukani kwa malipo. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza gari lilikuwa linafanya nini saa hiyo, na jibu litakuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Mweleze wakala wa bima ukweli siku ya kukata bima.

Sasa niende kwenye mahali ambapo, kwa jinsi nilivyoona, biashara hizi hufia. Wanafunzi hulipa mapema, wengine kozi yote, wengine nusu. Wanafunzi 10 wakilipa tarehe 1, mwalimu ana Sh. 2,400,000 kwenye simu na anajiona tajiri. Kihasibu fedha ile bado si pato. Ni deni la vipindi 150, na ili kulilipa deni hilo atahitaji mafuta na matengenezo ya Sh. 1,125,000. Akilipia kodi ya nyumba na harusi ya mdogo wake kwa fedha hiyo, wiki ya tatu atakuwa anatafuta mafuta ya kumfundisha mwanafunzi wa mwezi huu kwa ada ya mwanafunzi wa mwezi ujao. Mzunguko huo unaenda vizuri mpaka siku klachi inapokatika. Gari likikaa gereji siku 6, vipindi 36 vimepotea, sawa na Sh. 306,000 za faida ghafi, fundi anadai, na wanafunzi walioahirishwa wanaanza kupiga simu kwa sauti isiyo ya kirafiki. Dawa ni rahisi kuieleza ingawa ni ngumu kuifuata: kila kipindi kinapomalizika ndipo Sh. 8,500 zihamishwe kwenda mfuko wa pili, na mfuko wa kwanza usiguswe.

Kabla ya kwenda mbele, tutazame Uingereza, ambako kazi hii ina umri mkubwa na sheria zake ziko wazi. Shule ya British School of Motoring ilianzishwa London 1910, miaka 25 kabla mtihani wa udereva haujawa wa lazima nchini humo mwaka 1935. Daftari la walimu lilianza kwa hiari 1964 na kuwa la lazima 1970. Tangu hapo, kufundisha kwa malipo bila kuwemo katika daftari hilo au kuwa na leseni ya mwanagenzi ni kosa la jinai.

Anayetaka kubadili kazi kule anapita mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa nadharia, wa pili ni wa kuendesha, ambapo makosa madogo hayaruhusiwi kuzidi 6 wakati mwanafunzi wa kawaida anaruhusiwa 15, na wa tatu ni wa kufundisha mbele ya mkaguzi. Mtihani wa pili na wa tatu kila mmoja una majaribio 3 tu, na yote yakamilike ndani ya miaka 2 tangu kufaulu ule wa kwanza. Ada zimekuwa pauni 81, 111 na 111, na kuingia daftarini pauni 300 kwa miaka 4. Jumla ni pauni 603, kabla ya kumlipa yeyote aliyekufundisha kufundisha. Ndugu zetu walioko huko wanaofikiria kazi hii wajue kwamba mlango ni mwembamba kwa makusudi.

Mfumo wao wa kazi ndio unaotufundisha zaidi. Mwalimu wengi wao hawaajiriwi na shule. Mwalimu hulipa shule ada ya kila wiki, na shule humpa gari, jina na wanafunzi. Ada hiyo hailegei mwalimu akiumwa au mvua ikinyesha. Yaani hata kule, mwalimu anaanza kila wiki akiwa na deni, na vipindi vya kwanza vya wiki ni vya kulilipa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nchi, masomo ya udereva yalisimama, na kwa England hayakuanza tena hadi Julai 4 mwaka ule. Baadaye wanafunzi walirundikana na foleni ya mtihani ikawa ya miezi, kwa hiyo waliobaki katika kazi walipata wateja wa kutosha. Faida ile ilikuwa ya aliyekuwa na akiba ya kuvuka miezi mitatu mitupu.

Mamlaka ya huko husema mwanafunzi wa kawaida anahitaji masomo ya saa 45 na mazoezi ya saa 22 zaidi. Linganisha na kozi yetu ya mfano ya vipindi 15. Mwanafunzi mmoja kule anajaza kalenda ya mwalimu mara tatu ya wa kwetu, na ndiyo maana mwalimu wa huko hahangaiki kutafuta watu wapya kumi kila mwezi. Kuna somo la soko hapa: anayeweza kuuza vipindi vya nyongeza baada ya leseni, kama kuendesha usiku, barabara kuu ya mikoani, au kuegesha Kariakoo, anaongeza mauzo bila kutafuta mteja mpya. Mahitaji yapo. Wako watu wengi wenye leseni mfukoni na gari nyumbani ambao bado wanapanda daladala kwa hofu.

Kwa mwekezaji mdogo ambaye hataki kufundisha mwenyewe bali kununua gari na kumweka mwalimu, hesabu inabadilika. Tuseme mwalimu analipwa Sh. 4,000 kwa kipindi. Kwa mwenye gari kinabaki Sh. 4,500. Vipindi 150 vinaleta Sh. 675,000, toa gharama za kudumu na uchakavu Sh. 417,000, kinabaki Sh. 258,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 3,096,000 juu ya mtaji wa milioni 16, yaani kama 19%. Si haba. Lakini vipindi vikishuka kutoka 6 hadi 4 kwa siku, pato la mwaka ni Sh. 396,000, asilimia 2.5 hivi. Hati fungani ya serikali ya miaka 25 ilipotolewa kwa mara ya kwanza 2021 ilikuwa na kuponi ya 15.95%. Mwaka uliofuata viwango vya matoleo mapya vikashushwa, lakini aliyewahi anaendelea kupokea chake bila kupigiwa simu usiku kwamba gari limeingia mtaroni. Kiwango cha chini cha kununua ni Sh. milioni 1. Asiyeweza kuhakikisha vipindi 5 kwa siku hana sababu ya kununua gari.

Na atakayekopa? Taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana zimewekewa kikomo cha riba cha 3.5% kwa mwezi. Mkopo wa Sh. milioni 10 kwa kiwango hicho una riba ya Sh. 350,000 mwezi wa kwanza, sawa na vipindi 41 vya kufundisha kwa ajili ya riba peke yake, deni lenyewe bado halijaguswa. Kwa mtu anayeanza, safu hii haishauri.

Kwa mwalimu, upande wa pili wa mizani ni huu. Yule anayelipwa Sh. 4,000 kwa kipindi katika gari la mwingine, kwa vipindi 150 anapata Sh. 600,000 bila mtaji wowote. Mwenye gari anayefundisha mwenyewe alibakiwa na 698,000 baada ya kutoa gharama ya fedha yake. Tofauti ni Sh. 98,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kubeba hatari yote ya gari, bima, klachi na wanafunzi wasiotokea. Kila mmoja ajiulize kama inamtosha.

Linabaki suala la barua ya kuacha kazi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo cha sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10, nacho hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Karani wetu mwenye miaka 8 angepata mshahara wa siku 56 kama angepunguzwa. Akiandika barua mwenyewe hapati siku hata moja. Vivyo hivyo, fao la kukosa ajira, ambalo kwa mwenye taaluma ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6, ni la aliyeachishwa na si la aliyeacha. Kama kuna minong'ono ya kupunguza watu ofisini kwake, huu si wakati wa kuwa na haraka.

Kuhusu vibali, kufundisha udereva kwa malipo si jambo la kubandika herufi L na kuanza. Aende kwa Kikosi cha Usalama Barabarani cha mkoa wake na ofisi ya VETA kabla ya kununua gari, siyo baada, kwani masharti ya gari, uwanja na mwalimu ndiyo yatakayomwambia anunue gari gani. TRA nako aulize mapema namna atakavyotozwa, asije akadhani huduma ya mafunzo inatozwa kwa makadirio kama genge la nyanya.

Majibu kwa wasomaji wetu watatu, basi. Mwalimu wa sekondari anajua kufundisha na ana likizo mbili kubwa kwa mwaka. Atafute shule ya udereva itakayompokea kwa malipo ya kipindi wakati wa likizo ijayo, na aandike kila saa, iliyojaa na iliyo tupu. Karani afanye hivyo hivyo kwa Jumamosi za miezi mitatu, lakini akumbuke kwamba Jumamosi ni kilele, hivyo atakachokiona ni sura nzuri ya biashara. Aombe likizo ya wiki moja akaitazame Jumanne saa 5 asubuhi.

Dereva wa kampuni ndiye aliye katika nafasi nzuri zaidi, kwani mkataba wake unakwisha atake asitake na ujuzi wa malori alionao hauko kwa walimu wengi wa magari madogo. Asinunue gari sasa. Aingie katika gari la mtu mwingine kwa malipo ya kipindi, akiba yake ikae kwenye mfuko unaozaa, na baada ya miezi sita atuletee daftari lake tulipitie pamoja katika safu hii, kama ataridhia.